Mwaka Aliomo Mzee Roba

Bahiya binti Komora alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hakulificha. Wenzake wa chuo cha uuguzi pale Garsen waliwasengenya wagonjwa pembeni. Yeye alimzaba mgonjwa kofi mbele ya wodi nzima. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ajuza aliyesahau hata jina la mwanawe, na alikuwa amemng'ata Bahiya mkono mpaka damu ikatoka. Ajuza akalia kama mtoto. Bahiya hakuomba radhi. Alisema, tena kwa sauti, kwamba wazee waliorukwa na akili hawaponi, basi wafungiwe makwao na wauguzi waachiwe wagonjwa wa maana.

Chuo hakikumfukuza. Kilimpa onyo la mwisho, kwamba akiinua mkono tena atarudi kijijini kulima, kisha kikamsukumia kwa mwalimu Ruwaida, mama wa Kipini aliyefundisha uuguzi wa wazee kwa mchezo. Ndiyo, mchezo. Jamvi lilitandikwa sakafuni, limechorwa mto na vijia vyake kwa rangi. Mwanafunzi mmoja alifanywa mzee: alitiwa pamba masikioni, glavu nene mikononi na changarawe ndani ya viatu, kisha akavuta kadi iliyomwambia yuko mwaka gani na anatafuta nini. Wenzake walitakiwa kumfikisha nyumbani. Aliyembishia mzee, au kumwambia amesahau, au kumvuta mkono, alirudi mwanzo wa mto. Aliyeingia katika mwaka wa mzee na kumwuliza habari za huko alisonga mbele.

Bahiya alirudi mwanzo wa mto kila mara, akisonya. Mzee wa kadi alisema anakwenda harusini kwake, Bahiya akamjulisha kwamba mkewe alishazikwa.

"Hilo hakukuuliza, mwanangu," alisema mwalimu Ruwaida. "Wamwambia la nini?"

Zamu yake ya kuwa mzee ilipofika, Bahiya alidhani atapiga usingizi. Pamba ikamziba, glavu zikamfanya vidole kuwa vigogo, changarawe zikamtafuna nyayo. Kadi ilisema mtoto wake amepotea sokoni. Aliona midomo ya watu ikicheza asisikie neno, halafu mtu akamshika bega kutoka nyuma. Bahiya aligeuka na ngumi. Ilimpata Abdirizak, kijana mpole wa Hola, ikampasua mdomo, damu ikadondokea mto wa rangi.

"Manze, ni mchezo tu," alisema Abdirizak, amejishika mdomo.

Bahiya alizivua glavu. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kwa hofu, ile hofu ya mnyama aliyebanwa pembeni, na hapo ndipo alipomkumbuka yule ajuza wa wodini. Aliona haya, haya ya kweli. Kwa kuwa hakuzoea kuona haya, alikwenda kujifungia chooni mpaka somo likaisha.

Tangu siku hiyo alisonga mbele kwenye jamvi. Lakini kuna mzee wa kadi, na kuna mzee mwenye damu na fimbo.

Baba yake Bahiya, Komora, alikuwa mkulima wa Kipokomo karibu na Idsowe, na shamba lake lilipakana na malka, yaani njia ya kupitishia ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kiorma walisimama mbali wakaita. Komora alitoka, akasalimiana nao, kisha akatembea mbele ya ng'ombe hadi majini ili mahindi ya watu yasikanyagwe. Ndiyo ilikuwa desturi yao. Mwenye shamba hutangulia, na mfugaji hapiti bila kutanguliwa. Bahiya alikulia hapo akicheza na watoto wa wafugaji, akajua Kiorma kabla ya kujua kusoma.

Halafu ukaja mwaka wa mapigano. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi walichinjana. Nyumba zilichomwa pamoja na waliomo. Ng'ombe walikatwa mishipa ya miguu wakaachwa wakilia jua kutwa. Hakuna upande uliobaki na mikono safi, na anayekwambia upande wake ulikuwa nao anakudanganya. Komora alikutwa njiani hapo malka, shingo imekatwa nusu. Kaka yake Bahiya, Gona, ndiye aliyembeba, akiwa ameshika kichwa cha babake kisining'inie. Nani aliyemkata, hakuna aliyejua. Baadaye watu waliilima ile malka, wakapanda mahindi juu yake.

Jumamosi moja Bahiya yupo nyumbani kwa mapumziko, mayowe yakatoka shambani. Mzee wa Kiorma alikuwa ameingia katikati ya mahindi peke yake, anapiga mluzi, anaita ng'ombe asio nao. Mama Ziro, jirani yao, alikuwa akipalilia, akasimama kumzuia. Mzee akamshushia fimbo ya nguvu zote. Mfupa wa mkono ukapasuka ukachomoza nje ya ngozi.

Bahiya alipofika, vijana walikuwa wameshamzunguka na mapanga. Gona alikuwa amempiga kwa bapa la panga, sikio limechanika, damu inatiririka kwenye ndevu zilizotiwa hina. Mzee bado alikuwa akirusha fimbo huku na huku. Aliyesogea aliambulia fimbo, na kila fimbo ilirudishiwa teke.

"Huyu ametumwa," alisema Gona. "Anaangalia njia. Kesho wanakuja wenye bunduki."

Bahiya aliyatazama macho ya mzee. Yalimpitia kila mtu bila kumwona hata mmoja. Aliyajua macho hayo. Akamwambia kaka yake kwamba mzee ni mgonjwa, hajui yuko wapi wala leo ni lini. Gona akamwuliza kama baba yao alipimwa afya kabla ya kukatwa. Wenzake wakaguna kumuunga mkono, na duara likakaza.

Jambo lilikuwa wazi hata kwa mjinga. Mzee akifa pale, jioni nduguze watakuja kumlipia kisasi, na kijiji kitawaka. Bahiya alipenya kati ya mapanga. Fimbo ikamshukia begani, mkono ukafa ganzi. Hakuushika mkono wa mzee wala hakumwambia atulie. Alimwuliza kwa Kiorma kama ng'ombe wana kiu.

Fimbo ikasimama hewani. Mzee akasema wana kiu sana. Bahiya akamwuliza mbona basi hawapitishi.

"Hakuna wa kunitangulia," alisema mzee kwa Kiorma. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Walinikatia ng'ombe, wakaniulia wanangu. Nikaja na panga. Komora akatoka kunifungulia njia. Alikuwa akinisalimia. Nikamkata akinisalimia. Sasa nani atanitangulia?"

Bahiya alirudi nyuma hatua moja. Vijana hawakujua Kiorma, na Gona hakuwahi kujifunza kama dadake, lakini jina walilisikia, na Gona alilisikia kuliko wote.

"Amemtaja baba," alisema Gona. "Anasema nini?"

Hapo ndipo roho ya mzee ilipokuwa mikononi mwa Bahiya, na Bahiya alilijua hilo. Angesema ukweli tu. Asingehitaji kuinua kidole, wala chuo kisingekuwa na la kumlaumu. Tusidanganyane, alitaka. Alitaka panga lishuke, alitaka kuiona ile shingo ikifunguka, na mate yalimjaa mdomoni kwa kutaka huko. Mzee alikuwa amesimama, ameinamisha kichwa, akingoja jibu la swali lake kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Anamwita baba amfungulie njia," alisema Bahiya. "Ng'ombe wake wana kiu."

Kisha akageuka, akatangulia. Kwa nini alifanya vile, hata leo hajui vizuri. Alitembea ndani ya mahindi palipokuwa malka, na nyuma yake akasikia mluzi wa mzee anayechunga kundi lisilokuwepo. Vijana wa pale walizaliwa wakiona mwenye shamba akitangulia. Mmoja alisogea kando, kisha mwingine. Gona ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisogea shingo upande, panga bado mkononi.

Ukingoni mwa mto walimkuta Darmi, mjukuu wa mzee, amelia mpaka sauti imemkauka. Alisema babu yake anaitwa Roba, na kwamba siku hizi akiachwa peke yake kidogo hutoroka. Wakampakia kwenye bodaboda, mzee katikati, wakampeleka hospitali ya Garsen, alikofanyia Bahiya zamu na alikokuwa ameshapelekwa Mama Ziro.

Mwalimu Ruwaida aliposikia habari hizo alimsimamisha Bahiya mbele ya darasa. Wakampigia makofi, Abdirizak akapiga mluzi. Walidhani wanamjua waliyekuwa wakimshangilia. Bahiya alikaa kabla hawajamaliza. Hakumwambia mtu alichokiri mzee, na Gona ndiye wa mwisho ambaye angemwambia.

Wodini Mzee Roba alikataa chakula cha kila mtu isipokuwa cha Bahiya. Kwa hiyo akapangiwa yeye. Kila asubuhi alikaa kitandani pale na kikombe cha uji, anakilisha kinywa cha mtu aliyemfanya yatima.

Asubuhi moja mzee aliamka mchangamfu, akamtazama vizuri.

"Binti, wewe mtoto wa nani?"

"Wa Komora," alisema Bahiya.

Uso wa mzee ukang'aa. Alisema Komora anamjua, Komora wa malka, ndugu yake kabisa, hajawahi kumwacha na kiu. Akauliza kama hajambo.

Bahiya aliweka kikombe chini. Akamwinamia sikioni, lile lenye nyuzi za mshono, akamwambia kwa Kiorma safi, "Komora alikufa. Ulimkata shingo wewe, kwa mkono huu."

Mzee aliutazama mkono wake. Akautazama muda mrefu. Kisha akatoa sauti ambayo Bahiya hakuwahi kuisikia kwa binadamu, akaanza kukigongesha kichwa kwenye chuma cha kitanda. Mshono ukafumuka, damu ikaruka ukutani. Bahiya alimkumbatia kichwa kifuani, na mzee akampiga, akamkwaruza, akimwita Komora kwa jina, akimwomba amfufukie. Alikuwa akiomboleza kama aliyeletewa habari ya kifo dakika ile, kwa kuwa kwake ndiyo kwanza imetokea. Ilichukua muda mrefu mpaka nguvu zikamwishia.

Bahiya akamsafisha, akamfunga bendeji. Sare yake ilikuwa imelowa damu. Hakuhisi kwamba amelipa kisasi. Alihisi amemkata mtu aliyekuwa akimsalimia.

Uji ulikuwa umepoa. Mzee akafumbua macho, akatazama dari, akatazama dirisha, akamtazama yeye. Mle machoni hamkuwa na chochote cha yale yaliyopita.

"Binti," alisema, "wewe mtoto wa nani?"

Bahiya alikigeukia kikombe. Angeweza kumwambia tena. Angeweza kumwambia kila asubuhi ya maisha yake yaliyobaki, na kila asubuhi lingekuwa jeraha jipya.

"Wa Komora," alisema.

"Komora wa malka? Hajambo? Msalimie sana baba yako. Mwambie nakuja."

"Hajambo," alisema Bahiya. "Nitamwambia." Akakichukua kikombe, akaukoroga uji, akamtia kijiko mdomoni.