Mwinjilisti Eliya na Pendo la Kuku

Mwinjilisti Eliya alikwenda semina ya siku tano Kiomboi, akarudi na maneno manne ya Kiyunani, na tangu hapo kanisa lake dogo la njia ya Kinampanda halikupumua. Ubatizo, agape. Harusi, agape. Hata wazee wa kanisa walipokutana kuzungumzia mabati yaliyoezuliwa na upepo, aliwaanzishia agape kwanza, mabati baadaye.

Tumtendee haki, alifundisha vizuri. Aliwaambia wakulima wale wa alizeti kwamba sisi tunampenda Mungu na tunapenda ugali wa uwele kwa neno lilelile, lakini Wayunani walitenganisha. Eros ni tamaa ya mume na mke. Filia ni pendo la marafiki. Storge ni la damu, mzazi kwa mwanawe. Agape ni la kuamua, unampenda asiyestahili wala hungoji malipo. Akifika kwenye storge alitabasamu. "Hilo hata kuku analo," alisema. "Gusa vifaranga vyake uone." Watu walicheka, naye akapanda kwenye agape, huko juu alikojisikia nyumbani.

Somo lililowaliza akina mama lilikuwa la Petro pale ufuoni. Yesu alimuuliza mara mbili kwa agape, na Petro, aliyekuwa amemkana, akajibu kwa filia kwa kuwa hakuthubutu kujisifu tena. Mara ya tatu Yesu akauliza kwa neno la Petro. "Aliona mwenzake hawezi kupanda," Eliya alisema, "akashuka yeye."

Mganga hajigangi. Mtu huyu alikuwa na binti mmoja tu, Jesca. Jesca alizaa bila ndoa, akatengwa. Desturi yao inajulikana: aliyetengwa hashiriki meza ya Bwana, na akifa hazikwi na mchungaji, mpaka asimame mbele ya watu Jumapili, atubu, arudishwe kundini. Aliyesoma jina la Jesca mbele ya kanisa ni baba yake mwenyewe, kwa sauti ileile ya kutangazia mnada wa mazao ya sadaka. Watu walimsifu kwa msimamo wake. Sifa zile ndizo zilizomharibu, nasema bila kumung'unya maneno.

Mwaka huu moyo wa Jesca ulitanuka. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakamrudisha kwa wazazi wake, miguu imevimba, hawezi kulala chali. Jumatatu asubuhi alimwita baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kurudi kundini. Sitaki kuzikwa hivi nilivyo."

"Jumapili si mbali. Tutakubeba na kiti, utatubu mbele ya watu."

"Jumapili sifiki, baba."

Na mgonjwa hupokelewa kitandani! Hilo Eliya alilijua kuliko yeyote, maana mwinjilisti ndiye humwita mchungaji. Mwaka jana tu alimwita kwa ajili ya mzee Elisha, mlevi aliyetengwa miaka kumi na minne, na mchungaji alikuja kwa pikipiki siku ileile akampokea akiwa amelala. Lakini Elisha alikuwa mtoto wa watu wengine.

Loyce, mkewe, alimfuata uani.

"Mpigie mchungaji, Baba Jesca."

"Watu watasema nampendelea kwa kuwa ni damu yangu. Hiyo ni storge tu, Mama Jesca."

"Basi leo uwe kuku." Loyce alikuwa akilia. "Nakuomba, mume wangu. Uwe kuku siku moja tu."

Hakupiga. Jumanne alikwenda kuandaa somo. Jumatano na Alhamisi alisali sana, na sala ndefu za mtu anayekwepa jambo zinachosha hata kuzisimulia. Ijumaa asubuhi Jesca alikata roho akiwa ameegemea bega la mama yake.

Walimzika Jumamosi, bila mchungaji, bila kengele. Eliya alisimama kaburini na shati la kawaida kama mfiwa yeyote, na kinywa kilichojaa Kiyunani hakikutoa neno. Watu wote aliowaogopa walikuja. Walipomaliza kufukia, Eliya aliketi kando, na mzee Stanley, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye mdomo wake ndio Eliya alikuwa akiuhofia kuliko yote, alikuja kuketi karibu naye.

"Pole sana, Mwinjilisti. Mchungaji amesafiri?"

"Hapana. Sikumwita."

"Kwa nini?"

"Mngesema nampendelea."

Stanley alimgeukia.

"Sisi?" alisema. "Jumatano tulikaa wazee wote sita, tukakubaliana binti apokelewe. Kuna aliyetaka tuje tukuambie. Mimi nikakataa. Nikasema yule ni baba, hahitaji kusukumwa, atamwita mchungaji mwenyewe. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Eliya alitoa simu mfukoni.

"Nimpigie sasa?"

"Sasa umpigie wa nini, Mwinjilisti?" Stanley alisema, akainuka kwenda kumshika mkono Loyce, aliyekuwa bado amekaa chini kwenye udongo.