Kaka Halii, Ni Theluji

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ile naisikia mpaka leo, kama mtu anatafuna kashata karibu na sikio lako. Kaka yangu alikuwa anatembea juu ya theluji huko Kanada, alikokwenda kusoma, na sisi huku Maskati, mimi na mama, kwetu kushakuwa usiku, tumeiegemeza simu kwenye birika la chai ili sote tuone.

Alipoingia ndani akaigeuza simu, tukamwona uso. Macho mekundu, yamevimba, machozi yanachuruzika.

"Mwanangu, unalia!"

"Silii, mama. Ni theluji. Jua likiipiga inaumiza macho."

"Barafu imuumize mtu macho? Mimi nna barafu tele kwenye friza, mbona sijatoka machozi?"

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alimwambia kama upweke umemshinda arudi, baba atamtafutia kazi Rusayl, kwenye ghala anakofanya kazi yeye. "Kesho hii hii namwambia baba ako akukatie tiketi." Kaka akanitazama mimi. Masomo yale aliyatamani tangu mdogo.

Kosa lilianzia kwa shangazi. Shangazi yetu anaishi Uingereza, na baridi ya Ulaya tunayoijua sisi ni ile ya hadithi zake: manyunyu, mawingu, alasiri kushakuwa kiza. Ndiyo maana siku ya kufunga begi mama aliitoa miwani ya jua ya kaka. "Jua gani huko kwenye baridi?" Kumbe kila nchi na baridi yake. Ya kwetu Unguja ni kipupwe, unajifunika kanga mbili yamekwisha. Ya Maskati ni kuzima kiyoyozi na kwenda kuchoma mishikaki ufukweni. Aliko kaka mbingu ni buluu kama yetu, ila ardhi yote nyeupe, na jua likiipiga linarudishwa juu. La juu utalikinga kwa kofia. La chini je?

Haya nilimweleza mama. Lakini shule yangu mimi si kubwa, na anaijua. "Udaktari umeanza lini?" akaniuliza.

Basi kesho yake nikamshika mkono tukapanda juu ya nyumba. Ilikuwa adhuhuri. Paa letu la sementi limepakwa rangi nyeupe kupunguza joto, na siku ile nilikuwa nimeanika shuka.

"Mama, tazama chini. Usifumbe."

Haukupita muda akajiziba uso kwa ncha ya mtandio.

"Unalia, mama?"

"Hebu nyamaza, we!" Machozi yanamtoka na huku anacheka. Alipojifuta akasema, "Mwambie asitoke tena bila miwani. Na atie wanja."

Akashuka. Tiketi hakuitaja tena.

Mimi nilibaki kule juu. Nikavua ndala, nikatembea pole pole juu ya weupe ule, nikisema kwa mdomo kwaru, kwaru, kwaru, na sikufumba macho mpaka yakaniuma.