Mwezi Niliomfunga Mwanangu

Katika ujana wangu nilikuwa na chuo cha Kurani cha wasichana nyumbani, mtaa wa nyuma ya ngome. Watoto kumi na watatu waliketi kwenye mkeka wa chumba cha nje, kila mmoja na juzuu yake, na wa kumi na nne alikuwa binti yangu mwenyewe, wa miaka minane. Huyo ndiye aliyenishinda. Akianza aya, nzi akapita, macho yalimfuata nzi. Mchukuzi wa maji akinadi njiani, yeye yuko dirishani. Wenzake walikuwa wameshavuka juzuu ya pili, yeye angali akibabaika kurasa za mwanzo. Mama zao waliniuliza habari zake kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. Mwalimu gani huyu, asiyeweza kumsomesha wake?

Ramadhani ilipoingia tulivunja chuo mpaka baada ya Idi, kama ilivyo ada. Nikaazimia kuutumia mwezi ule kumfikisha walipo wenzake. Kila siku baada ya adhuhuri nilimketisha, na kila siku nilipogeuka hayupo. Siku ya tano au ya sita nilichukua leso, nikamfunga mguu kwenye tendegu la kitanda.

"Huondoki hapa mpaka ukurasa huu uishe," nikamwambia.

Hakulia. Alinitazama kama anayesubiri aelezwe zaidi.

Nikaenda jikoni. Kisha jirani akaniita nikamsaidie kukanda unga, mazungumzo yakanoga, nami sikurudi mpaka nilipoisikia adhana ya alasiri.

Nilimkuta mavyaa wangu, mamake mume wangu, ameketi sakafuni akimpangusa mtoto miguu. Alikuwa amejikojolea. Juzuu ilikuwa juu ya kitanda. Mtoto mwenyewe aliiinua isilowe.

"Nani kamfunga?" mavyaa akauliza.

"Ni mimi, mama. Nilitaka asome."

"Basi kasoma?"

Akakamua kitambaa, kisha akauliza taratibu, "Na wewe leo umefunga?"

"Nimefunga."

"Kufunga kwenyewe ndiko huku, mwanangu?"

Jambo lile hakumwambia mume wangu.

Kesho yake, saa ya kusoma, nilimwita mtoto. "Lebeka, mama," akaitika. Alikuja na leso mkononi, akaketi kando ya kitanda, akanyoosha mguu.

Niliipokea ile leso nikakosa la kufanya nayo. Mavyaa alikuwa mlangoni akisuka ukili wa mkeka. Alimwita mtoto, akampa miyaa michache ya kusukia, akamwonyesha namna ya kuipishanisha. Kisha akaniambia, "Msomee aya moja. Moja tu."

Nikamsomea. Mtoto akaisema, vidole vikienda. Nikamwongeza ya pili. Alipochoka mavyaa alimtuma uani akatazame kama kuku wameingia bandani, akarudi mbio, akashika ukili wake, tukaendelea. Ukili ulikuwa umepinda vibaya, lakini aya zilinyooka. Siku nyingine hazikunyooka hata kidogo, na siku hizo ilinibidi nitoke uani nipumue ili mkono wangu usinipite akili.

Kufikia Idi alikuwa amemaliza juzuu ya kwanza. Chuo kilipofunguliwa, mama mmoja alinishika mkono akasema, "Mashallah, mwalimu, una subira." Nikasema ahsante. Mavyaa alikuwa palepale, akisikia, nami sikumtaja. Aliinama tu juu ya kazi yake. Alifariki miaka miwili baadaye, na neno lile sikuwa nimelirekebisha.

Binti yangu sasa ana watoto wake. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kama anaikumbuka Ramadhani ile.

"Naikumbuka," akasema. "Tulikuwa tukisuka na bibi."

Nilingoja aendelee. Akanimiminia kahawa, akaniuliza kama mgongo bado waniuma. Sijui kama kweli amesahau, au alinistahi. Nilisema mgongo haujambo kidogo, nikanywa kahawa yangu.