Amoni wa Nne

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wa kwanza alichukua, hakuna aliyenung'unika. Wa pili wa binti yangu akazaliwa hapa Dubai, na marehemu mume wangu alikuwa Amoni. Sikuona cha kujadili. Mkwe wangu, muuza vipuri vya magari Ras Al Khor, akakiona.

Mkwe na mama mkwe kwetu hawabishani uso kwa uso. Lakini chumba chetu cha Al Qusais ni kimoja, pazia katikati, basi tukabishana kupitia binti yangu, naye ananyonyesha.

"Mwambie mama nimetafuta kwenye simu. Amoni ni mungu wa Wamisri, ana kichwa cha kondoo."

"Mwambie mumeo kwamba marehemu baba yako nilimwosha mwenyewe. Kichwa kilikuwa cha mtu."

Niliishia darasa la pili, ila majina ya Biblia hayanipiti. Nikamhesabia. Amoni mfalme wa Yuda, mwana wa Manase. Amoni mkuu wa mji, aliyepelekewa nabii amfunge. Amoni mtumishi wa Sulemani, ambaye uzao wake ulirudi kutoka uhamishoni. Hapo ningenyamaza. Kiherehere changu kikaongeza wa nne, Amoni wa No, katika Yeremia. Miaka yote nilidhani ni jumbe wa huko No.

Nyuma ya pazia mkwe akafungua Yeremia kwenye simu.

"Mwambie mama huyo wa nne ndiye sanamu lenyewe la Misri. Mungu anasema atamwadhibu."

Nilijichukia. Fimbo nimempelekea mwenyewe.

"Khalas, basi," binti yangu akasema, akimhamishia mtoto titi la pili. "Mimi si posta. Baba watoto, huyo mungu wa Misri leo nani anamsujudia?"

"Hakuna."

"Na baba yangu, aliyelala kwenye mkeka siku tatu ili wewe ulale kitandani kwake na malaria yako, ulipokuja kuposa, jina lake libebwe na nani?"



Asubuhi, kabla ya kupeleka fomu ya cheti cha kuzaliwa, mkwe alimpa binti yangu anionyeshe. Mbele ameandika jina la nabii huyo huyo, Yeremia. Nyuma yake Amoni, herufi ndogo kama sisimizi.

"Mwambie ahsante," nikasema. "Na mwambie wino haukuwa umeisha."