Mtaalamu wa Korea Kutoka Kondoa

Utaalamu wangu wa Korea niliupata mjini Louisville, katika chumba cha chini cha maktaba, bila kuonana na Mkorea hata mmoja.

Tulikuwa tumefika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa jiografia Kondoa, alipata kazi ya kubeba maboksi ghalani. Mimi nilipata muda. Nilikuwa na muda mwingi na Kiingereza kidogo, na maktaba ilikuwa na kikundi cha kusoma vitabu bure, biskuti juu. Kiongozi wake alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kizungu mwenye roho nzuri na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Mada ya mwaka ule ilikuwa maisha ya wahamiaji. Yeye aliamua tusome Wakorea watupu, kwa sababu majira ya baridi alikuwa ameangalia tamthilia zao zikamliza. Huo ndio uliokuwa msingi wa kitaaluma.

Tulisoma vitabu saba. Sitasema vilikuwa vibaya. Viwili vilinitoa machozi kweli, nikajificha bafuni mume wangu asinione. Lakini kufikia cha nne nilikuwa nimeshamzoea mama Mkorea kuliko jirani yangu wa ukutani. Mama huyu hasemi kamwe kwamba anampenda mtoto wake. Badala yake anamenya tunda, analikata vipande, anakisukuma kisahani mezani na kuondoka. Ana duka. Ana huzuni. Anaamka alfajiri kusugua kabichi kwa pilipili, ile kimchi yao. Mtoto wake anaionea aibu kimchi hiyo shuleni, halafu akifika miaka thelathini anaililia.

Nilijifunza pia kwamba Wakorea hupokea kitu kwa mikono miwili na huwaamkia wakubwa kwa kuinama. Wenzangu kikundini waliandika kwenye madaftari, macho yamewatoka. Mimi niliduwaa zaidi yao. Kwetu tunafanya hayohayo, ila hakuna aliyetuandikia kitabu.

Kwa kuwa nilikuwa mhamiaji pekee chumbani, kila tulipokwama mwalimu alinigeukia.

"Wewe utuambie," alisema siku moja, mkono kifuani. "Huyu mama anaposimama peke yake jikoni, anahisi nini hasa?"

Ilikuwa Ramadhani, na mbele yangu kulikuwa na sahani ya biskuti. "Anahisi njaa," nikasema.

Chumba kizima kikainamisha vichwa kwa heshima. Mama mmoja akafuta machozi. "Njaa ya nyumbani," akanong'ona, na wote wakaandika.

Kuanzia hapo sikuweza tena kukosea. Nilipopiga chuku, waliita uzoefu. Niliporudi nyumbani nilimkalisha binti yangu nikamuuliza, kwa sauti ya upole niliyoiiga vitabuni, kama wenzake shuleni wanacheka chapati zake.

"Mama," akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, "huwa nawauzia."

Mwaka uliofuata kampuni ilimhamisha mume wangu Columbus, jimbo la Ohio. Tulipanga nyumba karibu na barabara ya Morse, na mimi nikaomba kazi ya kutunza wazee majumbani. Msimamizi wa ofisi ya kazi hiyo alikuwa mama Mkongomani wa Bukavu, mwenye simu mbili na subira ya nusu simu.

"Bon," akasema, "kuko mama moja muzee, Mukorea. Amesha fukuza batu batatu. Donc, weye unajua mambo ya Bakorea?"

Mtu mwenye haya angesema hapana. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu saba.

"Nayajua sana," nikasema.

Nikapangiwa siku nne kwa wiki. Siku ya kwanza nilifika na mapeasi kwenye mfuko, nikavua viatu mlangoni, nikainama mpaka mgongo ukalia. Bibi mwenyewe alikuwa na miaka zaidi ya themanini, mfupi, amevaa fulana ya timu ya mpira wa Kimarekani, mguu mmoja juu ya stuli kwa sababu ya nyonga. Televisheni ilikuwa inaonyesha mieleka. Aliniangalia nilivyoinama.

"Umepoteza kitu sakafuni?" akauliza.

Nikamenya peasi, nikalikata, nikasogeza kisahani kwa mikono miwili. Akasema peasi linamjaza gesi, akauliza kama naweza kumpatia baga. Nikamuuliza kwa upole kama ana kimchi ya kutengeneza, nimsaidie kusugua. Akasema kimchi iko kwenye chupa, na chupa inatoka dukani, na duka liko hapo ng'ambo ya barabara.

"Maishani mwangu sijawahi kusugua kabichi," akasema. "Pilipili inaniwasha mikono. Alikuwa anatengeneza mume wangu."

Vitabu saba, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mume anayepika.

Sikufukuzwa. Sababu haikuwa utaalamu wangu. Wiki ya pili, kwa kuwa tulikuwa wanawake watupu ndani, nilivua mtandio. Bibi alizima sauti ya mieleka, akanivuta kichwa akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kakusuka hivi? Anakuvuta mno. Nywele za mbele zinakwisha. Baada ya miaka mitano utakuwa na paji la uso mpaka utosini."

Kumbe yeye na marehemu mumewe walikuwa wameuza nywele za bandia na mafuta ya nywele zaidi ya miaka thelathini, barabara ya Bailey, mjini Buffalo. Wateja wao karibu wote walikuwa wanawake weusi. Bibi alijua nywele zangu kuliko mimi nilivyozijua. Aliniandikia mafuta ya kununua na ya kutupa, na ya kutupa yalikuwa yote niliyokuwa nayo. Tukawa marafiki kwa namna yetu, yaani tulibishana kutwa kama mieleka ni ya kweli. Yeye alisema ni ya kweli.

Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa chuo huko Buffalo, ambaye alikuja kumwona mara chache, akapiga picha mikono ya mama yake, akaandika kwenye kidaftari na kuondoka. Siku moja alipiga simu: kitabu chake kimetoka. Kinamhusu mama. Kitasomwa kwenye duka la vitabu North Buffalo, naye angependa mama awepo. Bibi alikubali kwa sharti kwamba na mimi niende, maana binti anaendesha gari kama anayekimbia polisi.

Ijumaa alikuja kutuchukua. Kabla ya kufika nyumbani kwa binti, Bibi alitaka kupita Bailey. Duka lao sasa lilikuwa linauza na kutengeneza simu. Binti akauliza kwa sauti ya chini, "Unajisikiaje, Mama?" Bibi akasema anajisikia kwenda haja, akauliza kama wenye simu wana choo.

Jioni ya Jumamosi duka la vitabu lilijaa. Kulikuwa na jibini, divai, na watu wenye skafu nzuri. Sisi wawili tulikalishwa mbele kama maonyesho. Binti akafungua kitabu, akasoma vizuri sana. Sauti yake ilikuwa tamu, lazima niseme. Akasoma kuhusu mama yake alfajiri jikoni, akisugua kabichi, machozi yakidondokea kwenye chumvi.

Bibi akanigeukia. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe," nikamnong'oneza.

Kisha nikaingia mimi. Katika sura ya mwisho alikuja mwanamke wa Kiafrika, mkimya kama udongo, akimwimbia mama nyimbo za kale za tambarare huku akimkanda mikono; wanawake wawili wasio na lugha moja, wakiongea kwa viganja. Mimi sijaimba tangu shule ya msingi, na hata pale mwalimu aliniomba niache. Lugha tulikuwa nayo, Kiingereza, na tuliitumia mpaka ikachakaa. Watu wakageuka kunitazama kwa upendo. Nilifanya nini? Nilitabasamu kwa ukimya kama udongo. Kule Louisville niliwalisha watu huzuni ya Wakorea mwaka mzima, sikuwa na haki ya kulalamika.

Makofi yalipokwisha, mwenye duka akauliza kama kuna maswali. Bibi akanyoosha mkono. Watu wakatoa sauti ya "ooh", kama mtoto mchanga amepiga chafya.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza.

Binti akacheka kidogo. "Yupo, Mama. Sura ya pili. Nyuma ya kaunta."

"Nimemsikia huyo wa nyuma ya kaunta. Hasemi kitu. Baba yako hakuwahi kunyamaza. Kabichi alisugua yeye, akipiga kelele. Mimi nilikaa kwenye hesabu. Kwa nini umenipa kabichi yake?"

Hakuna aliyesema "ooh" safari hii. Binti alishika kitabu kwa mikono yote miwili, uso umemwiva. Akasema mhariri alishauri hadithi ibaki ya mama na binti, kwamba baba mchangamfu aliitawanya. Akasema hayo kwa kipaza sauti, halafu, kipaza sauti kikiwa mbali na mdomo, akaongeza, "Kila nilipomwandika nilishindwa kuendelea." Tulikaa mbele, kwa hiyo tulisikia.

Nilitazama viatu vyangu.

Asubuhi tulikunywa chai nyumbani kwa binti. Hatimaye akatoa kidaftari chake. "Niambie kuhusu Baba," akasema.

"Wewe umeshaandika," Bibi akajibu. Akageuza kiti chake, akaniangalia mimi. "Nitamwambia huyu."

Na akaniambia, kwa Kiingereza, taratibu, ili kila mtu mezani asikie. Jinsi mumewe alivyojifunza kusuka kutoka kwa mteja mmoja aliyemcheka wiki nzima, mpaka akawa anawasuka watoto bure Jumamosi kabla ya kanisa la Jumapili, vidole vinanuka kitunguu saumu, na mama zao wakimsema wazi. Jinsi alivyoanguka dukani kati ya rafu mbili, na wateja ndio waliofunga duka, wakampelekea Bibi ufunguo hospitali. Alipofika hapo akaomba maji. Binti aliinuka akamletea. Kidaftari alikiacha jikoni.

Tulirudi Columbus siku hiyohiyo. Bibi alikaa mbele, si nyuma pamoja nami kama tulivyokuja, na karibu na mpaka wa Ohio nilimsikia binti akimuuliza mteja yule aliyemfundisha Baba kusuka alikuwa anaitwa nani. Bibi hakukumbuka. Walianza kutaja majina, moja baada ya jingine, wakiyakataa.

Siku hizi binti anakuja kila mwezi. Wanaanza kwa Kiingereza kwa ajili yangu, halafu wanapandishiana sauti kwa Kikorea, lugha ambayo sijui hata neno moja. Mimi nachukua koti langu, naenda hapo ng'ambo kununua baga tatu.