Kaa wa Nta

Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu huko Uganda nilikuwa na suruali mbili za kijivu, kalamu ya wino, na imani kwamba hakuna jambo la Mbwera linaloweza kumshinda mtu aliyesoma. Suruali zilitangulia kuchakaa.

Nilikwenda Mbwera, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, kwa ajili ya posa. Barua yangu ilikuwa imepokewa miezi mingi nyuma na jibu halikuja. Binti hakuwa na neno; yeye alikwishanijibu zamani, kwa njia zake. Tatizo lilikuwa baba yake na baba yake mdogo. Posa pale hujibiwa na ndugu hao wakiwa wamekaa mkeka mmoja, na hawa wawili walikuwa hawasemezani.

Waligombania chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha wavu. Walianika nyavu uwanja mmoja. Risasi yao ilitoka mahali pamoja, katika ile meli ya Wajerumani iliyolala topeni tangu vita vya kwanza. Hata kalibu waliyosubia, yaani waliyomiminia risasi iliyoyeyuka, ilikuwa moja, waliyoachiwa na marehemu baba yao. Basi chubwi ikidondoka uwanjani, kila mmoja alisema ni yake. Walipelekana barazani mpaka karani akawaomba wapumzike kidogo, maana hata yeye alikuwa na nyumba yake ya kurudia.

Nikamwendea mzee, baba wa binti, nikamwambia dawa ni kuweka alama. Ayeyushe chubwi zake, azisubu upya kwa umbo ambalo mdogo wake hana. Umbo nitalitengeneza mimi.

"Umbo gani?" akauliza.

"Kaa."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua mzee ni mtu wa dini na hatataka sanamu ya kiumbe katika wavu anaoutupa kwa bismillahi. Hoja yangu ilikuwa kwamba sanamu isiyo na kichwa haina ubaya, na kaa, kama kila mtu wa visiwani ajuavyo, hana kichwa. Mzee alinitazama kama mtu anayepima samaki aliyeanza kunuka, kisha akasema, "Haya, fanya tuone."

Nilikuwa na nta ya nyuki niliyoipata Kibiti. Niliilainisha kwa mafuta kidogo ya nazi, nikaitia masizi ili mikunjo ionekane, nikakaa barazani kwa mzee siku mbili nzima nikifinyanga. Mwiba ulinichorea gamba, ncha ya kalamu ikanichorea viungo vya miguu. Kaa wangu alikuwa mkubwa kama nusu ya limau, gando moja juu kama anayetaka ugomvi, miguu minane imesimama, na macho mawili juu ya vijiti vyake. Sijawahi kuandika kitu nikakipenda hivyo.

Kalibu ilikuwa kazi ya bibi, mama wa mzee na mdogo wake, ambaye vyungu vyake vilipikiwa wali visiwa vyote vile. Alimkandamiza kaa wangu katika udongo laini, akaniachia nimtoe. Nikavuta. Nilitoka na gamba. Miguu yote ilibaki ndani.

"Mume wangu," akasema, maana kwa utani wetu mposaji wa mjukuu ni mume wa bibi pia, "miguu yote hii ya nini? Anakwenda wapi?"

"Ndivyo kaa alivyo, bibi."

"Huyo wa matopeni, sawa. Huyu kazi yake ni kuzama. Ukimsimamishia miguu, udongo unaingia chini yake unamshika. Mlaze!"

Nikamlaza. Miguu ikawa mistari tu ubavuni, gando likashuka. Safari hii alitoka mzima. Bibi akasema kalibu ikae juani siku tatu, kisha aichome kwa pumba za mpunga.

Siku ya pili bibi alikwenda shambani. Niliigusa kalibu, nikaiona kavu. Niliwahi kusoma juu ya mvuke. Nilifaulu mtihani wake, nadhani vizuri. Nikayeyusha risasi, nikamimina. Unyevu uliokuwa umejificha ndani ya udongo uliirudisha risasi hewani kwa kishindo, kuku wakahama uwanja, na suruali yangu ikapata tundu juu ya goti. Nyuma ya ua wa makuti nilimsikia binti akicheka mpaka akakohoa.

Bibi alirudi, akatazama vigae, akatazama goti langu. "Huko Uganda hamna jua?" Akaanza kukanda udongo wa kalibu nyingine.

Siku ya nne, kabla hatujamkandamiza kaa, mzee akaja kumkagua. Nikatoa hoja yangu ya kichwa.

"Kichwa hana, kweli," akasema. "Na haya?"

Macho. Nilikuwa nimeyasahau, au niseme niliyapenda mno. Mzee aliyafuta kwa ukucha wa kidole gumba, kisha, kwa tahadhari, akapafuta na pale uso ulipokuwa. Kalibu ilipokauka na kuchomwa, chubwi ya kwanza ilitoka duara, imetuna juu, na vimikunjo pembeni.

"Baba," binti akaita toka nyuma ya ua, "umesubu vitumbua!"

Na vilikuwa vitumbua kweli. Mzee alivisubu hivyo hivyo, akavifunga kwenye nyavu zake zote. Bibi akatoa hukumu ambayo baraza halikuweza kuitoa: kila chubwi isiyo kitumbua ni ya mdogo mtu, na yeye bibi asisikie neno zaidi. Kisha akaagiza mdogo mtu aitwe.

Alikuja kwa sababu mama hakataliwi. Alikaa ukingoni mwa mkeka, mikono kifuani, akitazama nguzo. Mimi nilikuwa mkabala, nimekunja mguu kuficha kiraka. Sahani ya vitumbua vya mchele ikaletwa. Baba mdogo alinyoosha mkono bila kutazama, akachukua kimoja, akakiuma.

Tulisikia wote jino likigonga. Nikaiona ndoa yangu ikienda chini taratibu, ikitanguliwa na chubwi.

Akaitoa chubwi mdomoni. Akaigeuza kiganjani, akaipima uzito, akapapasa vile vimikunjo nilivyovihangaikia siku mbili.

"Hii ya kaka," akasema, akaisukuma juu ya mkeka.

Mzee akaipokea, akaikunjia katika pindo la kikoi. "Ahsante, mdogo wangu."

"Fundi wa vitumbua ndiye huyu?" Baba mdogo akanigeukia. "Haya, tumjibu upesi, kabla hajasubu kingine."

Aliyeiweka sahanini hajajulikana mpaka leo. Nimemwuliza mke wangu mara nyingi. Husema labda ilitembea yenyewe, si ni kaa?