Bassin ya Stéphanie

Stéphanie huuza samaki sokoni Kisangani, na ulimi wake ni mkali kuliko kisu anachoparia samaki. Mumewe, Ruffin, huwavua kwenye maporomoko. Kelele za kuwauza ni kazi ya mke.

Siku alipopeleka mimba yake ya kwanza kupimwa, mama Clémence, mkunga wa zahanati, alimpapasa akaguna.

"Bassin yako iko kidogo, mama. Na mutoto iko mukubwa. Usizalie kwa nyumba."

Stéphanie alikasirika. Zahanati ile huwaagiza wajawazito waje na sabuni, vitenge na bassin, yaani beseni. Lake ndilo lile la samaki, na sokoni wanalijua. Dogo? Lile? Wivu tu, alijiambia. Akapita kwa Djuma muuza vyombo, akanunua beseni ambalo mbuzi angeweza kuoga ndani yake. Wiki iliyofuata akaingia nalo kichwani, shingo imenyooka.

"Alors, sasa iko kubwa?"

Mama Clémence alicheka mpaka akakaa chini. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mkunga huyu hana muda wa kuwasikiliza wahenga. Alimshika nyonga kwa mikono miwili.

"Bassin ni hii, mufupa. Kwa Kilatini, beseni wanaita pelvis. Wanganga wa zamani waliona mufupa ya nyonga inafanana na beseni, wakaipatia jina ile ile, na mpaka leo docteur anaandika pelvis. Wafaransa nao wakafuata: beseni ni bassin, mufupa nayo ni bassin. Ile ya kichwa Djuma atakubadilishia. Hii, hapana."

"Donc, mutoto atapita wapi?"

"Watakupasua, mama. Kwa hôpital."

Stéphanie aliogopa, tena sana. Mama yake alizaa watoto wanane nyumbani, na yeye aliapa hatazaa mahali pengine. Alilishusha beseni kichwani, akaliweka sakafuni.

"Bon," akasema mwishowe. "Kama mulango iko kidogo, mupitishe mutoto kwa dirisha."

Hospitalini wakampitisha. Akatoka msichana mwenye kichwa cha ajabu, cha mviringo, kikubwa. Ruffin alikishika kwa viganja viwili, akakitazama, akamtazama mkewe aliyelala akikoroma. Hakuna aliyemfafanulia; alijionea mwenyewe kwamba kichwa kile kisingepita mlango ule. Akaanza kulia mbele ya wauguzi wote, wala hakujificha.